Gemu la Zuhura na Mkono wa Baba

Wiki iliyopita nilimnyang'anya binti yangu gemu lake, na mpaka leo hajanisamehe. Baba yake alimletea kile kidude kutoka safarini, kidogo cha kushika mkononi, kimejazwa magemu ya zamani ya kila aina. Jioni moja nikiwa napika hapa kwetu Kinyinya, Kigali, nikasikia mlio ninaoujua: ti, ti, ti, halafu kishindo kidogo cha kipande kutua. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Nilimkuta Naila amejikunja kwenye kochi, vipande vinamwangukia ovyo, mashimo kila mahali, rundo limekaribia kufika juu. Nikamwambia, "Lete hapa, unaharibu." Akanitazama. "Mama, kwani na wewe unajua?" Eti najua! Mtoto huyu ananiuliza mimi kama najua!

Nilicheza mpaka mchuzi ukashika chini. Vidole vilikumbuka vyenyewe, na kila kipande kilichoshuka nilikiita kwa jina tulilokipa utotoni. Cha mraba ni sabuni, kirefu ni rula, kilichopinda mguu ni buti, na kile kilichokaa kama kinataka kuyumba tulikiita bata. Nikafuta mistari, nikafuta mingine, Naila akaanza kushangilia pembeni yangu. Na hapo, badala ya kufurahi, nikahisi kitu nilichokitambua mara moja. Ulikuwa wivu, mbichi kabisa, wa kumwonea Zuhura. Zuhura huyo ana watoto wakubwa sasa huko Mwanza, tunapigiana simu kila Idi, nampenda kuliko ndugu wengine wote. Lakini wivu ulikuja vilevile, kama vile haujawahi kuondoka.

Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani pale Biryogo. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa duka. Asubuhi ukiamka pua inapokea mafuta ya cherehani, moshi wa pasi ya mkaa, na ile harufu ya kitambaa cha suti kikipigwa pasi kwa maji. Mimi nilikuwa mkubwa, nyuma yangu wadogo wawili waliokuwa bado wanagombania titi na mgongo wa mama. Mikono ya baba ilikuwa ya wateja. Iliwapima mabega, iliwalainishia kola, iliwafuta chaki mgongoni. Sisi watoto ilitufikia mara chache, tena ikiwa na utepe wa kupimia, wakati wa nguo za Idi. Hakuwa mkali. Alikuwa na kazi tu, mlangoni daima kuna mtu amesimama anauliza, "Fundi, suruari yangu iko tayari?" Lakini mtoto hajui mambo ya kazi, mtoto anajua ameshikwa au hajashikwa.

Basi siku moja akaja Zuhura. Alishuka kwenye basi la Tanzania na mama mmoja jirani yao, begi dogo mkononi, na shingoni ananing'iniza gemu kwa kamba. Alikuwa mtoto wa baba mdogo, yaani mdogo wake baba, dereva wa malori aliyekuwa akileta mizigo kutoka Dar na kulala kwetu kila alipofika Kigali. Gemu alilinunua baba mdogo huyo. Tuliambiwa Zuhura amekuja kututembelea, baba yake yuko safarini, mama yake ana shughuli huko nyumbani na akiimaliza atakuja kumchukua. Nikafurahi sana. Tulikuwa na umri mmoja, nikajua nimepata mwenzangu wa kulala naye.

Furaha haikumaliza wiki. Kwanza kile Kiswahili chake! Sisi watoto wa Kigali tuliongea chetu, kimechanganyika na Kinyarwanda, kila kitu "iko". Yeye anafungua mdomo, maneno yanatoka yamenyooka kama kwenye redio, na baba anasimamisha cherehani. "Msikilizeni mwenzenu," anatuambia. "Msikilizeni anavyosema." Mimi nikamwambia Zuhura, "Kiatu yangu iko wapi?" akacheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Nyie kila kitu iko iko!" Nikamwambia, "Sha, rudi kwenu basi." Mama akanipiga jicho ambalo sikulielewa, jicho kali mno kwa kosa dogo kama lile.

Halafu nyama. Siku tukipata nyama, mama anampakulia Zuhura kipande kilichonona, mimi napata mfupa wa kunyonya. Halafu betri. Mimi nikiomba peremende naambiwa hakuna, lakini gemu la Zuhura likianza kufifia kioo, baba anatoka mwenyewe, anarudi na betri mpya mfukoni. Hilo nikalivumilia. Ila siku baba alipochukua bakio la suti ya kijivu, kitambaa kizuri cha mteja mkubwa, akakaa akamshonea Zuhura kifuko cha gemu, chenye zipu, na ndani akatia bitana! Bitana, jamani! Gauni langu la Idi halikuwahi kuwa na bitana. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, nikijifuta kamasi kwa kanga ya mama iliyoanikwa.

Lakini vyote hivyo ningevimeza kama isingekuwa Ijumaa.

Ijumaa baba alifunga duka mapema akaenda msikitini, akarudi na kanzu nyeupe iliyonyooka, ananukia atari. Zuhura alipenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa kati, gemu magotini, kichwa kimeinama. Baba anafika, anasimama nyuma yake, anaangalia vipande vinavyoanguka. Kisha anauweka mkono wake utosini kwa Zuhura, anauteremsha polepole kuja mbele, mpaka kwenye paji la uso, anautuliza hapo. Midomo inamchezacheza. Zuhura hainui kichwa, anabonyeza tu. Halafu baba anapita kwenda kula, ananikuta mimi nimesimama kama mlingoti, ananiambia, "Aziza, umekunja zile suruali?"

Kila Ijumaa hivyo hivyo. Nilikuwa naisubiri kama mtu anavyosubiri kuchomwa sindano. Najua itauma, na bado naenda kusimama pale pale nione. Roho iliniuma kweli. Nilihesabu nimefanya nini kibaya nikakosa jibu. Kazi nilifanya, wadogo zangu nililea, vifungo vilivyoanguka chini ya meza nilivikusanya mimi. Yeye anakaa, anacheza, na ndiye anayeshikwa kichwa.

Ndipo nikagundua sababu, au nilidhani nimegundua. Siku hiyo kulikuwa na mteja anasubiri, na baba akamwonyesha Zuhura kwa kidevu. "Mwangalie huyu anavyopanga," akasema. "Hapotezi nafasi hata kidogo. Angekuwa mkataji mzuri sana." Kwa nyumba yetu hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo. Baba alikuwa anaweza kukaa muda mrefu na vipande vya karatasi juu ya kitambaa, anageuza mkono wa koti huku, anasogeza kola kule, mpaka suti nzima iingie pale ambapo mafundi wengine wangehitaji kuongeza. Aliyepoteza kitambaa kwake hakuwa fundi. Nikasema kumbe! Kumbe ni gemu! Ukijua kupanga, baba anakupenda. Basi nami nitapanga.

Na ajabu yake, Zuhura hakuwa mchoyo. Nikimwomba gemu ananipa. "Shika," anasema, hata hanuni. Hilo nalo lilinikera, maana angekuwa mchoyo ningemchukia vizuri, kwa raha zangu. Alikuwa na tabia moja tu: mtu mzima akiingia chumbani, anataka gemu lake upesi, anainamisha kichwa, anaanza kubonyeza hata kama mchezo ulikuwa umekwisha. Niliona ni maringo. Nikasema anataka asifiwe.

Nikajifunza. Nilikaa chini ya meza ya kukatia, katikati ya vibakio vya kitambaa, nikicheza mpaka vidole gumba vikafanya sugu. Gemu likiwa kwa mwenyewe, nilichukua karatasi za baba nikakata sabuni, rula, buti na bata, nikavipanga sakafuni. Nilijifunza kutokuwa na haraka na rula, kuiachia nafasi yake pembeni, kumlaza bata kabla hajakuharibia. Na Alhamisi moja nikampita Zuhura pointi. Nilipiga kelele wadogo zangu wakaamka. Zuhura akaangalia namba kwenye kioo, akasema, "Hongera, Aziza," kwa moyo mweupe kabisa, mimi nikamjibu, "Utaona kesho." Hakuniuliza nitaona nini.

Ijumaa nikaoga, nikasuka nywele, nikajipaka mafuta kichwani ili mkono wa baba usikute vumbi. Nikamwomba Zuhura gemu, nikakaa mimi kwenye kizingiti. Yeye akaenda kukaa na mama kwenye mkeka, wanachambua mchele kwenye ungo. Nikasikia mlango wa mbele, nikasikia "Asalaam alaykum", nikasikia harufu ya atari ikisogea. Nikainamisha kichwa. Vipande vilikuwa vinanitii siku hiyo! Baba akasimama nyuma yangu.

"Eh! Aziza! Na wewe umeshakuwa mkataji?"

"Ndiyo, baba."

"Vizuri. Vizuri sana."

Nikasubiri. Shingo imekakamaa, bata ameanguka vibaya, sijali. Na baba akanipita. Nilisikia kanzu yake ikinigusa bega. Akaenda mpaka kwenye mkeka, akainama juu ya Zuhura ambaye hana gemu, hana chochote, ana mawe ya mchele mkononi, akamwekea mkono utosini akauteremsha mpaka kwenye paji.

"Na mimi!" Sijui sauti ile niliitoa wapi. "Na mimi nishike kichwa! Mimi ndiye niliyecheza! Mimi ndiye mtoto wako!"

Mama akasema, "We Aziza, una wazimu?" Lakini baba alicheka. Alicheka kwa upole, akarudi mpaka kwenye kizingiti, akanishika. Aliuweka mkono kwenye paji langu akaupeleka nyuma, juu ya nywele zangu zenye mafuta, mpaka kisogoni. Mkono ulikuwa mzito na wa moto. Hapo mtoto mwenye akili angenyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimeuangalia mkono ule Ijumaa zote, njia yake naijua kwa moyo, na huu haukupita njia ile. Nikaona nimepunjwa. Nimepewa cha kunyamazishia mtoto, kile kizuri kimebaki kwa mwenzangu.

"Si hivyo! Umenifanyia kinyume! Nifanyie kama Zuhura!" Nikaudaka mkono wa baba, nikauweka utosini mwangu, nikaanza kuuvuta kuja mbele.

Baba aliunyakua mkono wake kama aliyegusa pasi. "Astaghfirullah! Koma, Aziza! Koma! Mimi bado niko hai!"

Sijawahi kumwona baba na uso ule. Nani kasema amekufa? Nikamtazama mama, nikaona ungo umesimama mikononi mwake na macho yamemtoka, hayaniangalii mimi, yanamwangalia Zuhura. "Baba Aziza," akasema mama, taratibu sana, "umesema nini?" Na baba akafunika mdomo kwa kiganja, mtu mzima na kanzu yake, kama mtoto aliyetukana mbele ya wageni.

Zuhura alikuwa bado anachambua mchele. "Msimgombeze Aziza, baba mkubwa," alisema. "Mimi najua."

"Unajua nini, mwanangu?"

"Madrasa yetu kule tulifundishwa. Mtoto mwenye baba anashikwa hivi." Akajiwekea mkono kwenye paji akaupeleka kisogoni. "Na yatima anashikwa hivi." Akauweka utosini, akauteremsha mbele, kama afanyavyo baba. "Ijumaa ya kwanza nilisema labda umekosea. Ijumaa ya pili nikajua."

Baba akakaa chini. Akakaa sakafuni na ile kanzu, yeye ambaye hakuruhusu hata kuku apite karibu nayo. Baadaye sana mama alinieleza. Walikuwa wamekubaliana kumficha mpaka mama yake Zuhura amalize eda, aje kumbikia mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe. Walificha kila kitu, walizima redio, waliwakataza wateja kutaja msiba. Lakini baba hakuweza kuiacha Ijumaa ipite bila kumshika kichwa mtoto wa ndugu yake. Alikuwa ameyapokea mambo hayo kwa babu yake, aliyekuja na biashara kutoka pwani, na alidhani mambo ya mkono unatoka wapi unaenda wapi yanajulikana na wazee tu. Sisi watoto wa Biryogo hatukuyajua. Hakufikiri kwamba huyu mmoja angeyajua.

"Kwa nini hukusema, Zuhura?" baba akamuuliza.

"Mlikuwa hamtaki nijue." Akatoa jiwe kwenye mchele, akaliweka pembeni. "Ni gari?"

"Ni gari, mwanangu."

Hapo ndipo alipolia. Mama aliutupa ungo, mchele ukamwagika mkeka mzima, akamvuta kifuani. Gemu lilikuwa mikononi mwangu, rundo limefika juu, linapiga ule wimbo wake wa kushindwa, na sikujua pa kulizimia. Baba mdogo alikuwa ndiye anayenirusha juu mpaka karibu na mabati kila akifika na lori. Na mimi nilimlilia, nililia sana. Lakini nisiwadanganye: nililia pia kwa sababu mapaja ya mama yalikuwa yamejaa.

Nyumba ikajaa watu. Sasa siri haikuwepo, wanawake wa Biryogo wakaja na mikeka na themosi, wakamlilia baba mdogo kama kwamba amekufa jana. Zuhura alihama kutoka paja hili kwenda lile, kila mmoja anamfuta uso kwa ncha ya mtandio wake. Mimi naambiwa, "Aziza, leta vikombe. Aziza, ongeza sukari." Nilizunguka na sinia nikimwonea wivu Zuhura msiba wake. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitamani kulazwa kifuani na wanawake wote wale, halafu nakumbuka bei ya kulazwa hivyo, namtafuta baba kwa macho mpaka nimwone kwenye mkeka wa wanaume, halafu natamani tena.

Watu walipopungua tulikaa wawili uani, tunamenya ndizi. Nikamuuliza, "Ulijua wakati wote, na ulikuwa unacheza tu?"

"Ukicheza, watu wanaangalia gemu," alisema. "Hawakuangalii usoni."

Nikakumbuka alivyokuwa akilidai gemu lake kila mtu mzima akiingia. Nikaendelea kumenya. Badala ya pole nikampa ndizi iliyoiva niliyokuwa nimejifichia mimi.

Ijumaa iliyofuata baba alirudi msikitini kama kawaida. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega kwenye kizingiti, gemu kwa Zuhura, zamu yake. Baba alimshika yeye kwanza, utosini mpaka kwenye paji, na sasa dua aliisoma kwa sauti, hakuna cha kuficha. Zuhura akaitikia amina. Kisha baba akageuka kwangu bila kuombwa. Aliuweka mkono kwenye paji langu, akaupeleka nyuma polepole, safari hii hakuwa na haraka, ukapita utosini, ukafika kisogoni, ukashuka mpaka shingoni, na hapo akauacha.

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Zuhura alikuwa ananitazama. Hakuwa ananitazama mimi hasa, alikuwa anautazama mkono, ameufuata toka kwenye paji mpaka pale ulipotua, na kwenye kioo vipande vilikuwa vinaanguka bila mtu kuvipanga. Macho yale niliyajua. Nilikuwa nimetembea nayo Ijumaa zote zile, nikisimama na suruali za wateja mikononi, na nilijua yanavyochoma kutoka ndani. Ningeweza kuinama kidogo tu, mkono ukaniachia, naye akapumua.

Sikuinama. Nilirudisha kichwa nyuma, nikauegemea mkono wa baba kwa uzito wangu wote.